Osha Kidonda Kwanza, Mbuzi Watahesabiwa Baadaye

Mwanangu, nimekusikiliza mpaka mwisho. Umesema unataka mbuzi 20, na usipowapata utamkata mbwa wa watu kichwa mbele ya mlango wao. Kisha utapanda gari uende Lodwar kutafuta wakili. Umeyasema yote hayo kwa pumzi moja, na hukuutaja mguu wa mtoto hata mara moja. Habari za mguu nimezipata kwa mama yake, alipopita hapa alfajiri akienda kungoja gari la kwenda hospitali ya Katilu, na mtoto mgongoni.

Sikulaumu. Mtoto aking'atwa, mzazi huwaka. Lakini nimechoka, mwanangu. Miaka mingi nilikuwa mkalimani mahakamani, nikiyatoa maneno ya watu wetu katika Kiturkana na kuyaweka katika Kiswahili ili hakimu ayaelewe. Nimeona madai ya haki yakifia mikononi mwa wenyewe. Ukweli walikuwa nao. Walichokosa ni cheti cha hospitali, au shahidi, au walikuja miaka imeshapita, au walikuwa wameshajilipiza wenyewe. Nimelisema jambo hili chini ya mti huu tena na tena, na leo nitalisema taratibu, kwa sababu mwenye mbwa naye ameketi hapo na linamhusu vilevile.

Tuanze na mama wa mtoto, maana katika shauri hili yeye peke yake ndiye aliyefanya kazi. Jana jioni, mtoto alipoletwa analia, hakukimbilia kwa mwenye mbwa. Alichukua jerikeni ya maji aliyoyachota mwenyewe kwenye mchanga wa mto Malmalte, maji ya kupikia, akamkalisha mtoto juu ya jiwe na kuukamata mguu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na sabuni ya kipande. Akamwaga, akasugua, akamwaga tena, povu likaingia mpaka ndani ya matundu ya meno. Mtoto alipiga kelele, mama hakumwachia. Jirani akamwambia, mama, unamaliza maji. Akajibu kwamba maji yatachotwa mengine. Aliosha robo saa nzima. Hakupaka majivu, hakupaka maziwa wala chumvi, hakukifunga kidonda kwa kitambaa cha kukaza. Halafu alikaa macho mpaka kulipopambazuka, kwa sababu barabara yetu hii usiku unaijua.

Labda wewe unaona hilo ni jambo la wanawake, na jambo la wanaume ni kuhesabu mbuzi. Sikiliza basi. Kichaa cha mbwa hukaa ndani ya mate. Jino likitoboa ngozi, mate huingia, na kirusi huanza safari ya polepole kufuata mishipa ya fahamu kwenda kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu. Wakati mwingine ni wiki chache tu, wakati mwingine ni mwaka. Katika muda huo mtoto anacheza, anakula, kidonda kimepona, na baba amekwisha kusahau. Dalili zikishaanza, akaogopa maji na koo likakataa kumeza, hakuna daktari wa kumrudisha, si wa Lodwar, si wa Nairobi, si wa Ulaya. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa hivyo kila mwaka duniani, karibu wote kwa sababu ya mbwa, na wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Hapa Kenya serikali yenyewe imekuwa ikitaja makadirio ya hadi watu 2,000 kwa mwaka, na mwaka 2014 iliandika mpango wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030.

Na dawa ipo. Hilo ndilo linaloniumiza. Tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja kule Paris kijana wa miaka 9 aliyeitwa Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, inajulikana kwamba mtu akiwahiwa huishi. Yule kijana alidungwa sindano 13 na akaishi mpaka utu uzima. Siku hizi ni chache. Hesabu iliyozoeleka kwetu ni siku ya kwanza ya kufika, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, na kidonda kikiwa kirefu huongezwa dawa nyingine inayodungwa palepale penye jeraha. Daktari akiwa na ratiba tofauti, fuata ya daktari. Ila usikatize. Wengi huenda mara mbili, wakaona mtoto ana nguvu, wakaihurumia nauli.

Sasa mbwa. Umeapa kumkata kichwa. Mwanangu, mbwa huyo ndiye shahidi wako mkubwa, usimguse. Mbwa aliyeng'ata hufungwa, hupewa maji na chakula, na hutazamwa siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, hana kilio cha ajabu, hang'ati hewa, hajapooza taya, basi siku ile alipomng'ata mtoto mate yake hayakuwa na ugonjwa, na daktari anaweza kuzifikiria upya sindano zilizobaki. Akibadilika au akifa, anaitwa ofisa wa mifugo, kichwa kinachukuliwa na watu wanaojua kukichukua, kinapelekwa maabara kama ile ya Kabete, na jibu linapatikana. Sheria ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365, ipo kwa ajili hiyo. Lakini ukimkata wewe leo ukamtupa kwenye laga, kwenye korongo kavu, usiku fisi watamla, na kesho hatujui kama alikuwa na kichaa au hakuwa nacho. Mwenye mbwa naye atakuwa amepata maneno ya kusema. Atasema mbwa wake alikuwa mpole na wewe umemuua kwa chuki. Utaenda polisi kama mlalamishi urudi ukiwa mshtakiwa, maana kuua mnyama wa mtu kwa makusudi ni kosa katika sheria ya adhabu.

Umeniuliza kwa nini serikali isilipe. Fulani alishambuliwa na fisi akaambiwa ajaze fomu za fidia, kwa nini mtoto wako asijaziwe? Hapo watu wetu wengi wanachanganya. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inasema fidia ya kifo ni shilingi milioni 5, ya ulemavu wa kudumu milioni 3, na ya jeraha jingine hadi milioni 2, kadiri ya ukubwa wake. Hiyo ni kwa wanyama wa porini waliotajwa humo, kama simba, fisi na mamba, na madai hupitia kwa kamati ya kaunti na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mbwa wa nyumbani hayumo. Mbwa wa nyumbani ana mwenyewe, na mwenyewe ndiye wa kumfuata.

Kumfuata vipi? Sheria yetu juu ya jambo hili ni ya zamani. Tulirithi mafundisho ya mahakama za Waingereza kama yalivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na sheria ya mahakama, Sura ya 8, bado inaitaja tarehe hiyo. Waingereza wenyewe waliandika sheria mpya ya wanyama mwaka 1971. Sisi bado tunapita njia ile ya kwanza. Katika njia hiyo unaweza kuonyesha kwamba mwenye mbwa alijua mbwa wake ni mkali. Alishang'ata mtu, au hufukuza wapita njia kila siku, au mwenyewe aliwahi kuonya watu. Ukilithibitisha hilo, hana pa kujificha, hata kama siku hiyo alikuwa amemfunga na kamba ikakatika. La sivyo utaonyesha uzembe, kwamba mtu mwenye busara angemfunga, angefunga lango, angezuia, na huyu hakuzuia. Likitokea ndani ya boma lake ulikokaribishwa, ipo pia sheria ya wenye kumiliki mahali, Sura ya 34, nayo inamtaka mwenye mahali akumbuke kwamba mtoto hana uangalifu wa mtu mzima. Na uzembe wa mnyama unaweza kuwa hata kosa la jinai. Kifungu cha 243 cha sheria ya adhabu kinamtaja anayeacha kuchukua tahadhari juu ya mnyama aliye mikononi mwake akahatarisha maisha ya watu.

Lakini hakimu atauliza pia mtoto alikuwa akifanya nini. Kama alikuwa akimrushia mbwa mawe, au alimkanyaga mama mbwa kwenye watoto wake, fidia inaweza kupunguzwa. Useme kweli tangu mwanzo. Uongo mdogo kuhusu jiwe umewahi kuangusha ukweli mkubwa kuhusu jino, na nilikuwa nimesimama pale nikiutafsiri.

Ndugu yangu mwenye mbwa, sasa nakuja kwako. Ulipofika hapa ulisema mbwa huyu si wako, anapita tu. Nakuomba usiseme hivyo tena. Sote tunapita pale mabuchani jioni. Tunamwona amelala chini ya meza yako, tunakuona ukimtupia mapande, na ukipiga mluzi anainuka yeye na si wengine. Usiku mlio wake unatoka kwako. Hapa Kainuk mbwa akibweka wezi ni wa mtu, akiuma mtoto hana mwenyewe. Mahakama haitafuti cheti cha kumnunua. Inamtafuta anayemlisha, anayemwita akaitika, na boma analolala. Majirani wataulizwa, na majirani hawa ndio wanaokusikiliza sasa.

Najua kwa nini unamfuga, wala sitakwambia umwondoe. Tunaishi mpakani mwa kaunti, na kila aliyekaa hapa anajua mbwa amewahi kuamsha watu kabla ya risasi ya kwanza. Mwezi wa pili mwaka 2023 askari polisi waliuawa kwenye barabara yetu hii, na baada ya hapo serikali ikaleta jeshi na polisi kuwasaka majambazi Kaskazini mwa Bonde la Ufa. Katika nchi kama hiyo mbwa ni mlinzi. Basi mtunze kama mlinzi. Afungwe mchana watoto wanapokwenda na kutoka shuleni, afunguliwe usiku. Achanjwe kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa na katika kaunti nyingi chanjo hutolewa karibu na siku hiyo, lakini usingoje siku hiyo. Mwulize ofisa wa mifugo sasa. Na yale maini na mapafu yenye malengelenge ya maji usimtupie mbichi. Sisi Waturkana tumejulikana duniani kwa uvimbe wa tumboni unaotokana na minyoo ya mbwa, mpaka shirika la afya la AMREF likaanzisha mpango wa kuupiga vita kule Lokichoggio mwaka 1983. Cheti cha chanjo ukiwa nacho, kitamwondolea baba huyu hofu kubwa, na wewe kitakupa uso wa kusimama nao. Hakitakufutia deni la jeraha.

Turudi kwako, baba wa mtoto. Ukitaka kudai, dai kwa karatasi. Nenda kituo cha polisi, eleza, hakikisha umeandikwa kwenye kitabu cha matukio, uchukue namba ya OB. Omba fomu ya P3, ni bure, ijazwe na daktari. Kadi ya hospitali usiikunje mpaka wino ufutike. Kidonda kipigwe picha kwa simu leo, kikiwa hivi, kisha tena kila wiki, maana kufikia siku ya kesi litabaki kovu dogo na hakimu hataona jinsi nyama ilivyokuwa imefunguka. Na kila senti iwe na ushahidi. Maumivu ya mtoto hakimu huyakadiria mwenyewe kwa kutazama kesi zilizotangulia. Gharama hazikadirii hata kidogo. Sindano ikikosekana hospitali ukainunua duka la dawa, shika risiti. Bodaboda hatoi risiti, basi mlipe kwa M-Pesa ujumbe ubaki, au aandike kwenye daftari jina lake, tarehe na safari, atie sahihi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na nimeona hakimu akiwa na huruma usoni na bado akikataa kutoa nauli iliyotumika kweli, kwa sababu haikuwa na karatasi.

Muda nao unahesabiwa. Sheria ya muda wa kudai, Sura ya 22, inatoa miaka 3 tangu siku ya jeraha. Kama mbwa angekuwa wa serikali, wa kambi ya askari kwa mfano, ni miezi 12 tu kwa sheria ya muda wa kuidai serikali, Sura ya 39. Usije kuambiwa na mtu kwamba kwa kuwa ni mtoto unaweza kungoja akue. Jambo hilo lina masharti yake, na mtoto anayeishi na wazazi wake linaweza kumgeuka. Kesi hufunguliwa sasa, kwa jina la mtoto, mzazi akisimama kwa niaba yake. Ipo pia mahakama ya madai madogo chini ya sheria ya mwaka 2016. Mwisho wake ni madai ya shilingi milioni 1, inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60, na unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Jeraha la mwili limetajwa humo. Karani wa mahakama ya Lodwar au ya Kakuma atakwambia kama dai lako linaingia huko au kwa hakimu wa kawaida. Kumwuliza karani hakulipiwi.

Na mti huu? Mti huu una nafasi yake. Katiba ya 2010, ibara ya 159, inazitaka mahakama kukuza njia za kienyeji za kupatanisha watu, mradi hazivunji haki ya mtu. Mimi napenda mambo yaishe hapa. Kwenda Lodwar ni safari, na kesi ikianza majirani huacha kuazimana hata kiberiti. Afadhali pia huyu ni jirani yako. Angekuwa mtu wa upande wa pili wa mpaka, na wewe ukaenda kwake na kundi la vijana kwa ajili ya mbwa, tungezika watu. Siku jambo kama hilo likitokea ni chifu na kamati ya amani, vijana wabaki nyumbani.

Lakini hatutafunga shauri leo. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Siku ya tatu baada ya jeraha wazee wanakaa, mbuzi wanatolewa, baba anaweka kidole kwenye karatasi isemayo amelipwa yote na hadai tena. Mwezi wa pili kidonda kinaoza, au mshipa umekaza mtoto anachechemea, au linatokea lile baya kabisa, na karatasi ile inatolewa kwenye sanduku. Kwa hiyo leo tutaandika mambo mawili tu: kwamba mbwa ni wa huyu bwana, na kwamba gharama za matibabu ni zake mpaka sindano ya mwisho. Malipo ya maumivu na kovu tutayazungumza sindano zikiisha na mguu ukionekana umekaaje. Yataandikwa nakala tatu, ya kwako, ya kwake, ya chifu, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili.

Na hao mbuzi 20, mwanangu, niambie ni wa nani. Umewataja kama wa kwako. Aliyeng'atwa ni mtoto. Mahakama ikimpa mtoto fidia, mara nyingi huagiza fedha zitunzwe mpaka awe mtu mzima, baba asizile. Sisi hapa hatuna haja ya kuwa na haki ndogo kuliko ya mahakama. Mbuzi watakaopatikana watawekwa alama yake, watazaa kwa jina lake, na karo ya shule itatoka humo. Ukiwaza hivyo utaona hesabu yako inabadilika. Huenda ikapungua, huenda ikaongezeka, lakini itakuwa hesabu ya mguu wake.

Mbwa ataletwa kwangu sasa hivi, afungwe kwenye boma langu hizo siku 10, na chakula chake mwenyewe atakileta asubuhi na jioni. Ofisa wa mifugo nitampigia mimi. Wewe, mwenye mbwa, mtumie huyu nauli ya kwenda na kurudi kwa M-Pesa kabla hujainuka hapo, pamoja na ya sindano ijayo. Mashahidi wapo, kutoa nauli hakukufungi kwenye mengine. Na wewe, panda gari la mchana uende Katilu. Mama yake hajalala tangu jana. Mpokee mtoto, soma tarehe za sindano zilizoandikwa kwenye kadi, uzinakili, kisha nipigie simu unisomee moja baada ya nyingine niziandike na mimi.